Mama yangu alifiwa mara nne kwa siku moja: uzoefu wangu na kituo cha kutwa cha wazee

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo atakayeona nimezidisha anisamehe. Kituo chenyewe sikitaji. Kipo upande wa Kinondoni, na anayetaka bei au saa za kufungua aende akaulize getini.

Mama ana ugonjwa wa kusahau. Wanaosema "uzee tu huo" hawajakaa naye: anakumbuka jina la kila jirani aliyekuwa naye Pangani alipokuwa msichana, lakini hakumbuki kama amekunywa chai, wala hakumbuki kwamba baba alifariki miaka mingi iliyopita. Kwa kuwa mimi na mke wangu tunatoka alfajiri kuiwahi foleni ya Mwenge, tulitafuta pa kumwacha mchana. Hatukutaka makazi ya moja kwa moja kama yale ya serikali kule Nunge, Kigamboni. Tulitaka aende asubuhi, arudi jioni alale kwake.

Nilichelewa kujua kwamba vituo vya namna hii havifanani. Kuna vya maongezi, ambako wazee hucheza bao, hunywa kahawa na kuondoa upweke. Kuna vya tiba, vyenye muuguzi wa kupima presha na sukari, kusimamia dawa na kumfanyisha mazoezi ya viungo aliyepata kiharusi. Na kuna vya wenye maradhi ya kusahau, ambako geti halikai wazi na mhudumu amefundishwa namna ya kulijibu swali linaloulizwa mara ishirini. Chetu kilijinadi kuwa ni vyote vitatu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inahesabu mzee kuanzia miaka 60, nao wanapokea kila aliyefika umri huo, kana kwamba umri ndio maradhi. Muuguzi nilimwona, na kazi yake anaijua, sitamdhulumu. Bao nililiona. Hilo la tatu ndilo lililowaumbua.

Siku moja, kabla ya Ramadhani kama sikosei, nilimkuta mama amejifunika kanga mpaka usoni, analia, na wazee wenzake wamemzunguka wanampa pole. Nikadhani pametokea msiba. Kumbe tangu asubuhi alikuwa akiuliza mumewe atakuja kumchukua saa ngapi, na kila alipouliza, binti wa zamu, ambaye hata shikamoo humshinda, alimjibu: "Bibi, mumeo alishakufa, kaa chini." Mara nne. Kwa mama, kila jibu lilikuwa taarifa mpya. Ndani ya gari akaniomba nimwahishe nyumbani akakae eda. Eda, miezi minne na siku kumi, kwa mume ambaye eda yake aliimaliza mimi nikiwa bado nasoma!

Msimamizi, bila hata kusema pole, alinijibu kwamba wao hawawadanganyi wazee. Jibu lile lilinikaa rohoni usiku kucha, maana hata mimi sipendi kumdanganya mama. Lakini nani aliyewaomba wadanganye? Kesho yake nilimpeleka tena kwa kuwa sikuwa na pa kumwacha, nikabaki dirishani natazama. Swali likaja lilelile. Safari hii aliyekuwa karibu ni mpishi, mama mtu mzima asiyefundishwa uuguzi na yeyote. Alichutama mbele yake, akamwamkia, akamuuliza, "Bi Mkubwa, mzee wako alikuwa anapenda chakula gani?" Mama akaanza kueleza samaki wa kupaka, tui lake liwe zito kiasi gani, ndimu itiwe lini, mpaka swali likapotea lenyewe.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba kituo hiki kinamfaa mzee mwenye kumbukumbu zake, anayetafuta wenzake wa kuzungumza nao. Sasa hata hilo nalifuta, kwa kuwa aliyeweza kumtamkia mjane neno lile mara nne hatakosa la kumtamkia mwingine. Lakini nikisema nimemwondoa mama nitakuwa nimeongopa. Bado anakwenda Jumanne na Alhamisi, siku za zamu ya mpishi yule, na kutwa nzima anakaa jikoni akichambua mchele. Siku nyingine anabaki nyumbani na binti wa dada yangu, na ada ya mwezi nimeshailipa yote.