Programu Moja, Sura Nyingi: Tathmini ya Mfumo wa Ankara wa Mtandaoni

Mfumo huu wa kutoa ankara mtandaoni huwahudumia wateja wengi kwa msimbo mmoja, huku kila mteja akiona nembo, rangi na anwani yake, kwa kuwa mwonekano umehifadhiwa kama mipangilio katika hifadhidata, si katika nakala tofauti za programu. Hilo limefanywa vizuri: sasisho likitoka, wote hulipata kwa pamoja. Kasoro iko kwenye rangi. Mteja wetu mmoja alichagua njano iliyopauka, na maandishi meupe ya kitufe cha "Hifadhi" yakawa hayasomeki, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake usipungue 4.5 kwa 1. Mfumo ulipaswa kumwonya. Barua pepe nazo bado hutoka na nembo ya mtengenezaji, jambo lisilokubalika kwa huduma ya kulipia.