Uzoefu wangu wa kupanga upya vitufe vya kompyuta ya mkononi kwa hwdb na keyd

Kazi yangu ni kuchora mipaka ya mashamba, na sehemu kubwa ya mwaka huwa wilayani Kilolo, mkoani Iringa, katika vijiji vinavyoandaa hati miliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Tunatembea mpakani pamoja na mwenye shamba, majirani zake na wajumbe wa kamati ya kijiji, na kila tunapofika kwenye kona naiweka alama juu ya picha ya satelaiti ndani ya QGIS, programu ya kuchora ramani. Kwa kazi hiyo nilinunua kwa fundi mmoja mjini Iringa kompyuta ndogo ya mkononi iliyokwisha kutumika, yenye kioo cha inchi 7 na kibodi ya kubonyeza kwa vidole gumba, nikaiwekea Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Ninachokieleza hapa ni namna nilivyovipa kazi mpya vitufe vyake, kwa sababu bila hatua hiyo ningekuwa nimekwisha kuiuza.

Asubuhi za Juni na Julai huku nyanda za juu si za mchezo. Ukungu hukaa bondeni hadi karibu saa nne, mikono inakufa ganzi, na mwenye glavu hawezi kubonyeza vitufe viwili vya kibodi hiyo kwa pamoja bila kugusa cha tatu. Mashine ina vitufe vinne vinavyofikika vizuri hata kwa glavu: viwili vya sauti juu, na viwili vya ubavuni, kimoja kila upande. Vya sauti sikuvihitaji porini. Vya ubavuni, kwa upande wa Linux, vilikuwa kama havipo, kwani niliweza kuvibonyeza siku nzima na kusitokee chochote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuvitafuta katika mipangilio ya QGIS na ya mazingira ya dawati (madirisha na menyu za mfumo), na huko nilipoteza jioni mbili. Dalili ilikuwa mahali pengine kabisa. Nilipofungua dirisha la amri na kuandika dmesg mara baada ya kubonyeza kitufe cha kushoto, kerneli, yaani kiini cha Linux, ilikuwa imeandika kwamba kuna kitufe kisichojulikana chenye msimbo 0xe3, na kwa hisani yake ikanielekeza kutumia setkeycodes e063 ili kukitambulisha. Cha kulia kilikuwa 0xe4. Kumbe vitufe ni vizima na vinapiga hodi kila vinapobonyezwa, ila kerneli haikuwa na jina la kuvipa. Programu zilizo juu yake haziwezi kupokea kitu kisicho na jina.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu mmoja, na ndio ninaoupendekeza kwa yeyote mwenye mashine ya aina hii: kitufe kwanza kipewe jina, ndipo kipewe kazi, na mambo hayo mawili yafanyike mahali tofauti. Amri ya setkeycodes inafaa kwa majaribio tu, maana kompyuta ikizimwa nayo inafutika. Jina la kudumu linaandikwa katika faili ndani ya /etc/udev/hwdb.d, yaani hifadhidata ya vifaa (hwdb) ya udev, sehemu ya Linux inayotambua vifaa, ambako mstari wa kwanza unataja mashine au kibodi inayohusika, na inayofuata inasema msimbo fulani uitwe nini. Mimi niliandika KEYBOARD_KEY_e3=f13 na KEYBOARD_KEY_e4=f14. Nilichagua F13 na F14 kwa makusudi, kwa kuwa kibodi yangu haina vitufe vya majina hayo, hivyo hakuna kinachogongana. Kisha unaendesha systemd-hwdb update, ikifuatiwa na udevadm trigger. Zingatia kwamba kila mstari wa KEYBOARD_KEY lazima uanze na nafasi moja tupu. Nilipoisahau, jina halikushika.

Kitufe cha kulia kilikuwa na ugonjwa wake wa ziada. Kilitangaza kubonyezwa lakini hakikutangaza kuachiwa. Siku ya kwanza nilikipa kazi ya kupunguza ukubwa wa ramani. Nikakigusa mara moja tu, na shamba likaanza kusinyaa, kikaonekana kijiji, ikaonekana wilaya, na ramani ikaendelea kurudi nyuma bila kukoma hadi nilipobonyeza kitufe kingine. Tiba yake ni alama moja ya mshangao: ukiandika KEYBOARD_KEY_e4=!f14, kerneli hutengeneza yenyewe taarifa ya kuachiwa. Gharama yake ni kwamba kitufe hicho hakiwezi tena kutumika kwa kushikiliwa, na kwangu hiyo si hasara kubwa.

Kazi zenyewe nazigawa kwa keyd, ambayo ni programu huria inayokaa chini ya mazingira ya dawati na kuzungumza na kerneli moja kwa moja, kiasi kwamba mpangilio wake hufanya kazi vilevile katika X na Wayland, mifumo miwili ya kuonyesha madirisha, na hata kwenye skrini ya maandishi matupu. Hilo ndilo lililonifanya niichague. Faili lake ni /etc/keyd/default.conf, na langu halizidi mistari kumi na miwili. Kitufe cha kuongeza sauti kimekuwa Page Up na cha kupunguza kimekuwa Page Down, ambavyo katika QGIS husogeza ramani karibu na kuirudisha mbali. Cha kulia kimekuwa kitufe cha kulia cha kipanya, ambacho ndicho kinachofunga umbo baada ya kona ya mwisho. Cha kushoto kina kazi mbili kwa mstari mmoja, f13 = overload(ramani, backspace): nikikigusa kinafuta kona niliyoiweka vibaya, nikikishikilia kinafungua tabaka la pili, yaani mpangilio mwingine wa vitufe, ambamo vitufe vya sauti vinarudia kazi yake ya asili na cha kulia kinahifadhi mchoro. Kuhusu kuhifadhi, ieleweke kwamba Ctrl+S ya QGIS huhifadhi mradi na si marekebisho ya tabaka la data ya ramani, kwa hiyo ilinibidi niyatengenezee marekebisho hayo njia yake ya mkato ndipo nimpe keyd.

Somo la kuhifadhi nililipata kwa uchungu. Kitufe cha kuzimia mashine kimewekwa sentimita moja tu kutoka cha kuongeza sauti, jambo ambalo mtengenezaji alipaswa kulifikiria, na kwenye mifumo yenye systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, kitufe hicho, kisipoelekezwa vingine, huzima kompyuta papo hapo. Asubuhi moja tulikuwa tumemaliza kona kumi na moja za shamba la mzee mmoja, lililozungukwa na mianzi ya ulanzi, nikakigusa kwa kidole chenye glavu. Kioo kikawa cheusi.

“Mwanangu, limepotea shamba?” aliniuliza.

“Shamba lipo, baba. Uliopotea ni mchoro.”

Alichukua fimbo yake bila kusema neno, tukarudi kwenye kona ya kwanza, na majirani zake wakatufuata kwenye umande. Niliona aibu kubwa kumtembeza upya mtu wa umri wake kwenye mteremko ule. Jioni hiyohiyo niliandika HandlePowerKey=ignore katika /etc/systemd/logind.conf. Wenye mazingira ya dawati yenye kisimamizi chake cha umeme wakague na huko pia, maana huenda ndicho kinachokamata kitufe hicho.

Kuna tahadhari moja kuhusu keyd. Katika majaribio niliwahi kukigeuza kitufe cha Enter kuwa cha kufungulia tabaka, nikahifadhi, kisha nikashindwa kuthibitisha amri yoyote, hata nywila yangu mwenyewe. Waandishi wake walifikiria hali hiyo: ukibonyeza kwa pamoja Backspace, Escape na Enter, keyd inajizima na kibodi inarudi kama ilivyokuwa. Ujifunze mkao huo wa vidole kabla hujagusa faili, na kila mara utumie keyd monitor kuona jina la kitufe badala ya kubahatisha.

Kwa betri sijaona tofauti yoyote, na kwa kasi vilevile. Kinachonikwaza ni kwamba mwongozo wake wote ni wa Kiingereza, hivyo wenzangu wawili wa timu nimewaandikia maelezo kwa mkono katika daftari la kazi. Mafaili yote mawili nayaweka pia kwenye flashi ninayotembea nayo. Mwezi Juni nilipoiweka Debian upya, niliyanakili, nikaendesha zile amri mbili za udev na keyd reload, na maji ya chai yalikuwa hayajachemka vitufe vyote vinne viliporudi kazini.