Boksi lilelile, SSD nyingine: uzoefu wangu na diski ya kurekodia shughuli

Diski siitaji jina, duka nalo silitaji. Mtaa wa Aggrey watu wanajuana, na betri za kamera bado nanunua kulekule. Lakini hasira ninayo. Kwa hiyo kama unarekodi video moja kwa moja kwenye SSD ya nje, na muuzaji wa Kariakoo anakwambia "chukua hii bosi, ni ileile uliyochukua siku zile", soma hapa kabla hujatoa hela.

Natumia Blackmagic Pocket 4K. Raha ya kamera hii ni kwamba hulazimiki kununua kadi za CFast, ambazo bei yake inakata hamu ya kazi. Unachomeka SSD kwa waya wa USB-C, unaifunga juu ya kamera, unapiga. Kwa RAW ya 5:1, yaani video ghafi iliyobanwa kama mara tano, inatema kama MB 81 kila sekunde, yaani saa moja ya ukumbini ni karibu GB 290, na SSD yangu ya kwanza ilimeza mzigo huo mpaka tone la mwisho. Ilipiga ndoa, vipaimara, mahafali, semina za Dodoma, na lile joto la Tanga ambalo hata mpiga picha mwenyewe linamzima. Niliisifia mpaka wenzangu wakanunua. Kazi zilipoongezeka nikarudi dukani kuchukua pacha wake. Jina lilelile, rangi ileile, boksi lilelile. Bei ilikuwa imeshuka kidogo, nikaona Mungu mkubwa.

Ikaenda kwenye sendofu moja huko Mbezi. Utambulisho wa sendofu mnaujua: kila shangazi lazima asimame, na kila shangazi kaja na mashangazi zake. Ndafu ikaingia, ikachezewa. Mimi narekodi tu, maana mwenyekiti wa kamati alishasema hataki kitu chochote kikatwe. Ikafika zamu ya bibi mzaa mama kumvisha mjukuu wake kitenge. Bibi mtu mzima sana, katoka Bukoba kwa ajili ya jambo hilo moja. Ndipo alama ya mshangao ikaanza kuwaka na kuzimika kwenye kioo cha kamera, pale inapooneshwa diski. Mwenye kamera hii anaijua alama hiyo. Fremu, zile picha mojamoja zinazounda video, zinadondoka bila kuandikwa.

Klipu yenyewe iko hivi. Mkono wa bibi uko juu na kitenge, vidole vinatetemeka. Fremu inayofuata, kitenge kiko begani kwa mjukuu na watu wameshaanza vigelegele. Katikati hamna kitu. Kamera ya mwenzangu ilikuwa inarekodi kwenye kadi ya SD ya V60 (hiyo V nitaieleza chini) na haikupoteza hata fremu moja, ila kwa upande wake MC alikuwa amesimama mbele. Kwa hiyo tukio tunalo, mgongo wa MC kwa ubora wa hali ya juu.

Usiku uleule niliiunganisha diski kwenye kompyuta nikaanza kuijaza mafaili makubwa. Mwanzoni inakimbia, MB 900 na ushee kwa sekunde. Ukiiacha iendelee, ghafla inaporomoka mpaka chini ya 80 na kubaki hukohuko. Hakuna uchawi hapo. SSD nyingi za bei nafuu siku hizi zinabana biti nne kwenye seli moja, kile kijichumba cha kuhifadhia data, ndiyo wanaita QLC. Nafasi inaongezeka, bei inashuka, lakini kuandika kunakuwa kwa kujivuta. Ili usilione hilo, sehemu ya seli inatumika kwa muda kwa biti mojamoja, ambazo huandikwa upesi. Ni sebule: wageni wanapokelewa harakaharaka mpaka ijae, halafu wengine wanapanga foleni mlangoni wakisubiri vyumba vya ndani viandaliwe. Na kadiri diski inavyojaa, sebule nayo inazidi kuwa ndogo. Anayehamisha picha za likizo hatakutana na foleni hiyo maisha yake yote. Mimi nilikutana nayo bibi akiwa ameinua mkono.

Sasa dukani. Kijana wa kaunta nilimsalimia vizuri, nikaweka diski mbele yake, nikasema, "Kaka, hii inadondosha fremu." Hakuinua macho kwenye simu.

"Umeiangusha."

Sijaiangusha.

"Basi waya."

Waya ni ule uliotoka kwenye boksi lenu.

"Basi kamera. Hizi kamera za kuagizia zinasumbua sana."

Akachomeka diski kwenye laptopu yake, akafungua ile programu ya Blackmagic ya kupima kasi, ile yenye mishale miwili mikubwa. Mishale ikaruka juu, tiki za kijani zikajaa jedwali zima. Akaigeuza laptopu ili na wateja wengine waone. "Unaona? Kijani tupu. Diski mzima hii. Tatizo ni mpiga picha." Wakacheka. Mmoja alikuja kununua chaja tu, naye akacheka.

Nikamweleza kwamba programu ile inaandika faili la majaribio, kubwa kabisa ni la GB 5, inalisoma, inaanza tena. Inapima sebule. Nikamwomba dakika kumi tu tuijaze mafaili ya kweli hapohapo, aone mwenyewe. Akanijibu, "Hapa siyo maabara, anko." Anko! Mimi na yeye tumepishana miaka ya kuhesabu kwa vidole. Kisha akanionesha chini ya risiti, mali ikishauzwa hairudishwi, na akamalizia kwa kuniambia kwamba ukitaka vitu vya wakubwa ulipe bei ya wakubwa. Nimefanya kazi hii muda mrefu, nimetukanwa na mabaunsa wa kila ukumbi, lakini lile la "wakubwa" bado linanikaba.

Aliyeniokoa ni mzee mwenye duka, alikuwa nyuma ya pazia anakula. Alitoka akifuta mikono. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Akaichukua diski, akaigeuza, akasogeza kucha kwenye vile viherufi vya mwisho wa namba ya modeli, vidogo hata kwa miwani. "Huu mzigo mpya siyo kama ule wa mwanzo," akasema kwa upole. "Hata vijana wa CCTV wameshalalamika." Akanikatia nusu ya bei kwenye kitu kingine chochote nitakachochukua. Nikashukuru. Nilipofika barabara ya Msimbazi ndipo likaniingia vizuri: kumbe walikuwa wanajua.

Haki ya Mungu, Kariakoo siyo pekee yenye lawama. Mwaka 2021 iligundulika kwamba Western Digital walibadilisha chipu ndani ya SSD yao ya SN550 na kuacha jina lilelile, na kasi ya kuandika ikawa ndogo zaidi baada ya sebule kujaa. Baadaye wakaahidi kwamba badiliko likigusa sifa zilizotangazwa, modeli itapewa namba mpya. Mwaka huohuo ikaonekana Crucial P2 imehamishwa kutoka TLC, ya biti tatu kwa seli, kwenda QLC kimyakimya. Hizo ni diski za kufunga ndani ya kompyuta na siyo hii yangu, lakini mchezo ni mmoja. Wanaopima diski wanapewa toleo zuri, wanaandika sifa, halafu sisi tunauziwa jina.

Na wenye kadi walishalimaliza jambo hili zamani! Tangu 2016 kuna alama za V kwenye kadi za SD: V30, V60, V90. Namba hiyo ni kasi ya chini kabisa ambayo kadi inaahidi kuandika bila kukatika, MB kwa sekunde. Baadhi ya kadi za CFexpress nazo zina alama ya VPG, kama 200 au 400, kwa maana hiyohiyo. Kwenye SSD yangu hakuna alama ya namna hiyo. Boksi linatangaza 1,050 kwa maandishi makubwa na halisemi popote itashuka mpaka wapi.

Siku hizi SSD mpya haiendi kazini kabla sijaijaza yote nyumbani, mpaka mwisho, huku nikiangalia kasi inaangukia wapi. Natazama pia orodha ya Blackmagic ya diski walizozipima, na natazama ukubwa wake, maana modeli moja inaweza kupita ikiwa ya TB 1 na wasiitaje ile ya GB 500. Naifomati ndani ya kamera kila baada ya kazi. Ile nusu ya bei nilichukulia kadi ya SD ya V60, na kiapo kikifika nabadilisha kwenda 12:1, MB 34 kwa sekunde, naiandika humo. Picha inabanwa zaidi, lakini bibi harusi hatazami mbano.

Hukumu? Kama diski ya kurekodia, takataka. Ingawa, nisiwe mkali: sasa naitumia kuhifadhia kazi zilizokwisha na haijanipotezea faili, nyepesi, haichemki mfukoni. Nyota tatu. Duka, kwa ajili ya yule mzee, nne. Wangapi Kariakoo watakupa hata shilingi baada ya risiti kukatwa?

Lakini alijua. Vijana wa CCTV walishamlalamikia, na bado mzigo uko kwenye shelfu na kijana wake anawaambia watu ni ileile. CCTV ikipoteza sekunde mbili za geti, geti litakuwepo kesho. Futeni hizo nne: duka nyota moja, diski nyota mbili. Na mama wa bibi harusi akinipigia tena kuuliza kipande cha kitenge kiko wapi, nitamwelekeza Aggrey akamuulize anko mwenzangu.