Oili ya haidroliki ya trekta dogo: ununue ipi?

Matrekta madogo mengi, yawe Kubota, Massey Ferguson au John Deere, hayana tangi la peke yake la haidroliki. Oili inayonyanyua plau ndiyo hiyo hiyo inayolainisha gia na kupoza breki zilizozama ndani yake. Ndiyo maana huwezi kuchagua kwa bei tu.

Namba moja ni UTTO, oili iliyoundwa kwa kazi zote tatu. Geuza ndoo, soma maandishi ya nyuma. Kitabu cha trekta kinataja kiwango: J20C kwa John Deere, M1145 kwa Massey Ferguson, UDT kwa Kubota. Kiwango hicho kikiwepo kwenye ndoo ya kampuni inayoaminika, chukua. Oili yenye chapa ya kampuni iliyounda trekta iko kundi hili hili. Bei yake ya juu nailipa trekta likiwa bado na waranti au likiwa la haidrostatiki, yaani linaloendeshwa kwa presha ya oili badala ya gia za kawaida.

Ya pili ni STOU, ambayo huingia hadi kwenye injini. Inamfaa mwenye matrekta mchanganyiko na stoo moja, ila si kila kitabu kinairuhusu.

Ya tatu ni oili ya haidroliki tupu, 46 au 68 (namba za uzito wa oili). Mahali pake ni tela la kubinua au kifaa chochote chenye tangi na pampu yake. Ukiimimina kwenye gia boksi la pamoja, breki zitapiga kelele, zitateleza, na mwishowe sahani za breki zitaungua. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa", ondoka.

Ya mwisho ni ndoo iliyoandikwa 303. John Deere waliiacha miaka ya 1970, mafuta ya nyangumi yaliyokuwamo yalipopigwa marufuku Marekani. Leo namba hiyo haina kiwango chochote nyuma yake. Oili ya kupimiwa kutoka pipa lisilo na lebo siipi hata nafasi.

Ukishanunua, itunze. Pima oili trekta likiwa mahali tambarare, injini imezimwa, plau limeshushwa. Plau likiwa juu, oili iliyobaki kwenye silinda itakudanganya. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kagua kwanza mpira unaofunika shina la mkono wa gia, maana ukipasuka mvua hupita hapo. Mwaga yote, badilisha na filta. Povu ni dalili kwamba oili imepungua au hewa inaingia upande wa kunyonya. Trekta jipya hubadilishwa filta mapema, mara nyingi saa 50 za kwanza, kwa sababu gia mpya hutoa unga wa chuma.

Pipa lilaze ubavu, maji ya mvua yasituame juu ya kizibo.

Na mpira wa presha ukivuja, usipapase kwa mkono. Pitisha kipande cha boksi. Oili yenye presha hupenya ngozi; ikikupenya, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kitundu ni kidogo na hakiumi.