SLADE: programu ya kufungulia faili za WAD za Doom

Anayetaka kuelewa gemu inavyotafuta picha, sauti na ramani zake aanze na Doom ya 1993, na programu ya kuifungulia ni SLADE. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na inafungua hata PAK, faili za data za gemu ya Quake.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba haifichi mpangilio wa faili. WAD, faili ambamo Doom huweka picha, sauti na ramani zake, huanza na baiti 12: herufi nne, IWAD (faili kuu ya gemu) au PWAD (faili ya nyongeza), kisha idadi ya vipande vya data vilivyomo, kisha mahali orodha yao ilipo. Kwenye orodha kila kipande kina baiti 16: kinapoanzia, ukubwa wake, na jina lisilozidi herufi nane. SLADE inakuonyesha yote, hata vipande vya ukubwa sufuri. Usivifute ukadhani ni takataka! F_START na F_END ndiyo mipaka ya picha za sakafu. MAP01, alama ya mwanzo wa ramani ya kwanza ya Doom II, nayo ni tupu. Ramani yenyewe imo kwenye vipande vinavyofuata: THINGS (vitu na maadui), LINEDEFS (mistari ya kuta) na vingine. Ukihamisha LINEDEFS, ramani imeharibika, maana Doom ya asili, yaani programu ya awali isiyoboreshwa, haisomi majina hayo, inahesabu tu nafasi kuanzia MAP01.

Kabla ya kazi yoyote, chagua IWAD yako kwenye Base Resource, sehemu ya SLADE ya kuchagulia faili kuu ya gemu, la sivyo ramani itakosa picha za gemu. Ukiingiza PNG, igeuze iwe Doom Gfx, muundo wa picha wa Doom yenyewe, kwa sababu Doom ya asili haisomi PNG na rangi zake ni 256 tu, zile za PLAYPAL, kipande chenye orodha ya rangi. Halafu rekebisha ofseti, namba zinazoamua picha ichorwe wapi. Zikibaki sufuri, adui ataonekana amezama sakafuni.

Kwa kuchora ramani, SLADE hainiridhishi. Kihariri chake kinahitaji programu nyingine ya kujenga NODES, data inayoigawa ramani ili gemu iweze kuichora kwenye skrini, ambayo lazima uielekeze mwenyewe kwenye mipangilio. Bila NODES, Doom ya asili haiwezi kuonyesha ramani. Mwenye Windows atumie kihariri cha ramani cha Ultimate Doom Builder kwa kazi hiyo.

Jaribu kazi yako kwa kuwasha Doom na chaguo la -file likifuatwa na jina la WAD yako. Doom hutafuta jina kuanzia mwisho wa orodha, hivyo faili iliyopakiwa mwisho ndiyo inayoshinda. Picha za maadui hazifuati kanuni hiyo kwenye Doom ya asili. Kwa hizo tumia Chocolate Doom, programu inayoiga Doom ya asili, na chaguo lake la -merge.