Tathmini ya kijitabu cha kuandika ripoti za maabara ya kemia
Kijitabu hiki nilimnunulia binti yangu wa kidato cha tatu katika duka la vifaa vya shule huko Mwanjelwa, Mbeya, na sehemu yake ya taitresheni (kupima ni kiasi gani cha kimiminika kimoja kinahitajika kukamilisha mmenyuko na kingine) imeniridhisha kuliko nilivyotarajia. Inamtaka mwanafunzi aandike vipimo vya bureti, yaani mrija wenye alama za ujazo, kwa nafasi mbili za desimali, aliache jaribio la kwanza la makadirio nje ya wastani (yaani 23.60, 23.50 na 23.55 zitoe 23.55, huku 24.10 ya mwanzo ikibaki kwenye jedwali tu), na aeleze alichokiona, kwa mfano rangi ya njano ya kiashiria cha methili oranji (kemikali inayobadilika rangi kuonyesha mmenyuko umekamilika) ikigeuka kuwa ya chungwa, kabla ya kufasiri maana yake. Sura ya hitimisho ni nyepesi mno. Kasoro kubwa, hata hivyo, ni ripoti ya mfano inayodai kwamba maji yalichemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka karibu na nyuzi 94, na mwanafunzi anayenakili 100 bila kutazama kipimajoto huwa ameandika uongo, tena kwa mwandiko mzuri. Karatasi zake nazo hupasuka upesi.