Gari la kununua kwa safari ya familia ya kulala garini, Mbeya mpaka Malawi na Zambia: nimezipanga kutoka ya kuchukua hadi ya kuacha

Nianze na hili kabisa, usinunue gari kwa sababu siti zake zinalala zikawa kitanda. Kitanda anakutengenezea seremala yeyote hapo Soweto ya Mbeya kwa mbao za paini za Mafinga na plaiwudi, ila hamna seremala wa kukuongezea injini ukiwa umejaza watoto watatu, mtungi wa gesi, madumu ya maji na mama mkwe afu unarudi kutoka Kyela unapanda kuja Uyole. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, na pale Isyonje ni juu kuliko mjini. Kwenda unateremka unacheka, shughuli ni kurudi. Kwa hiyo mimi nazipanga kwa vitu viwili tu, inapandaje ikiwa imejaa, na ikikufia Karonga au Mpika fundi wa huko anaijua?

Namba moja kwangu ni Toyota Hiace, na najua wengi mtasema hilo si daladala. Ndiyo, ndiyo maana naipenda. Ukivuka Kasumulu ukaingia Malawi minibasi za huko ni Hiace, ukivuka Tunduma ukaingia Nakonde ni hivyo hivyo, maana yake spea zipo kila stendi na fundi hahitaji kusoma chochote, anaifungua huku anapiga stori. Ile bodi ya kawaida ina urefu wa kama mita 4.7 na upana wa mita 1.7 hivi kwa nje, ndani unabaki na mita moja na nusu, kwa hiyo watoto unawalaza kukata upana na nyie wakubwa mnalala kufuata urefu. Ukiwa na wazo la kutoa siti, bakiza mstari mmoja nyuma ya dereva wenye mikanda mizima, hapo watoto ndo watakaa gari likitembea, mambo ya mtoto kulala kitandani huku gari linatembea hapana, breki moja tu ya ng'ombe barabarani na anakuja mbele kama jiwe.

Injini ndo pa kuangalia sana. Dizeli ya 5L isiyo na turbo inapanda polepole, malori yatakupita, watoto watauliza tumefika, lakini haifi na haichagui dizeli. Dizeli ya turbo, zile KD, zina nguvu tamu mlimani ila nozeli zake hazipendi dizeli chafu. Petroli ya 2.7 inapanda bila kelele ila inakunywa, na hapa nikukumbushe kwamba Malawi miaka hii mafuta yanakatika mara kwa mara, unakuta foleni ya magari kituoni na pampu imelala. Jaza tenki upande wetu kabla ya boda, na panga safari ambayo tenki moja inakupeleka mpaka unapokwenda. Ubaya wa Hiace ni kwamba injini iko chini ya siti za mbele, kwa hiyo abiria wa mbele anapata joto la bure na ukigonga kitu hamna boneti ya kukukinga, endesha kistaarabu. Kingine, hakikisha haijasajiliwa kama gari la biashara, maana utatumia muda mrefu bodani kueleza kwamba hao ni wanao sio abiria.

Namba mbili ni Noah ya zamani, SR40, hizi za mwisho wa miaka ya 90 mpaka 2001. Injini iko katikati, inasukuma kwa matairi ya nyuma, na zipo zenye foo wili ambazo ni dhahabu ukienda kipindi cha mvua upande wa Tukuyu. Injini yake ya 3S ya petroli lita 2 fundi yeyote wa Mwanjelwa anaijua hata usiku. Siti zinageuka kitanda zenyewe lakini kitanda hicho kina mabonde, mtu mzima ataamka na mgongo wa mzee, weka godoro la inchi nne uliloligawa vipande vitatu ili mchana likunjwe. Familia ya wanne inaenea, ya watano mmoja alale kwenye hema nje. Ukipata ya namba za hapa iliyotunzwa na mwalimu au mchungaji, usibishane sana bei na dalali, chukua.

Usiagize ya zamani hivyo kutoka Japani sasa hivi lakini. Ushuru wa bidhaa wa gari la abiria lenye umri zaidi ya miaka 10 unaongezewa asilimia 30, ya miaka 8 mpaka 10 inaongezewa 15, hapo hujagusa ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT 18. Afu kuna mambo ya cc, yaani ukubwa wa injini: injini ya zaidi ya 1000 mpaka 2000 ushuru wa bidhaa wake wa kawaida ni asilimia 5, ikizidi 2000 ni 10. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni, weka gari lako uone kabla hujaanza kumtumia Mjapani dola. Wengi huona bei ya kule wanashangilia, wakija kupiga hesabu ya Dar wanakaa kimya.

Namba tatu, Land Cruiser mkonga au Prado yenye hema la juu ya paa. Kama hela ipo hii ndo namba moja, lakini kwa wengi wetu haipo, na pia watoto wadogo na ngazi ya hema usiku akitaka kukojoa ni mtihani. Iko namba tatu kwa sababu ya sehemu mbili tu ambazo Hiace haifai. Ya kwanza ni Nyika kule Malawi, unaingilia Rumphi, barabara ya vumbi na mawe, juu kule ni baridi kama ya Kitulo na mwezi wa sita na wa saba barafu inashika majani asubuhi. Ya pili ni ile barabara ya kupanda Livingstonia kutokea Chitimba, ina kona 20 kali za kugeuka nyuma kabisa, upande mmoja ukuta upande mmoja ziwa linakuchungulia kwa chini. Ukiwa na Hiace liache gari Chitimba utafute usafiri wa pale, msijaribu.

Noah mpya na Voxy nimeziweka namba nne. Ni tamu barabarani, mlango unajifungua wenyewe na watoto wanaupenda mpaka wanauharibu, ila hizi za kwanza za mwaka 2001 mpaka 2007 nyingi zina injini ya D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, inayosumbua ikipewa petroli mbaya, na ziko chini chini. Lami tupu Mbeya, Karonga, Mzuzu zinakwenda vizuri tu. Alphard ni namba tano, ndani ni sebule kabisa, ila ya 2.4 unalipia ushuru wa juu, inagusa chini kwenye tuta lolote la kijijini, na ya V6 lita 3 utaongea na pampu kila mji.

Ya kuacha kabisa ni Mazda Bongo Friendee. Najua mmeiona, paa linanyanyuka kwa umeme linakuwa chumba cha juu cha watoto, Uingereza wanazipenda sana kwa kambi, na ukiliona yadini unataka kulia kwa furaha. Tatizo lake ni moja, ikipoteza maji kidogo inachemsha na silinda hedi inapasuka kabla mshale haujakwambia kitu, na sisi kila tunapotoka nyumbani ni mlima. Mlima Kitonga ukiwa umejaza? Hapana. Nissan Caravan ya dizeli ya ZD30 naiweka pembeni yake, bei inashawishi na nafasi ni kama Hiace, ila injini hiyo ina jina baya kwa pistoni na spea zake kuvuka boda utatafuta.

Sasa unaikaguaje? Mbeya tuna bahati ya baridi, itumie. Mwambie dalali unakuja saa kumi na mbili asubuhi na gari lisiwashwe kabla hujafika. Nyanyua siti ya mbele gusa injini, ikiwa ya moto ujue kuna kitu wamekificha, rudi siku nyingine au usirudi. Ikiwa baridi fungua kwanza mfuniko wa rejeta uone kama kuna utando wa oili, afu washa. Dizeli nzima na hita plagi nzima inashika mara moja hata mwezi wa saba, moshi mweupe kidogo ukipotea sio shida, wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Inua kapeti ya nyuma na uingie uvunguni na tochi, magari yaliyotoka sehemu za theluji Japani yanaliwa na kutu kwa chumvi ya barabarani na kule wanapiga rangi nyeusi juu yake, gonga na bisibisi. Mikanda ya siti za katikati ivute yote, mara nyingi imefichwa chini ya kava au imekatwa. Ukimaliza pakia watu sita na upande barabara ya Chunya mpaka Kawetire bila kusimama, mshale wa joto usiruke, na kushuka ushuke kwa gia, ukisikia harufu ya breki umepata jibu.

Karatasi nazipitia haraka. Kadi ya gari iwe jina lako, kama sio lako au lina mkopo beba barua ya mwenyewe au ya benki. Bima yetu haitoshi, nunua ile Kadi ya Njano ya COMESA, inafanya kazi Malawi na Zambia. Bodani utapewa kibali cha muda cha gari kuingia, Zambia kuna na kodi ya hewa chafu na vituo vya tozo njiani. Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria na cheti cha kuzaliwa, mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto abebe barua ya mwenzake, na kadi za homa ya manjano zikae mfukoni. Pembetatu za tahadhari ziwe mbili. Viza hatuhitaji, saa rudisha nyuma saa moja, na kwacha ya Malawi sio ya Zambia, wabadilisha hela wanalijua hilo kuliko wewe.

Kwa mara ya kwanza na watoto mimi nasema Malawi. Karonga ni kama kilomita 50 tu kutoka boda, Wangonde wa pale wanasikilizana na Wanyakyusa vizuri tu, bibi akisalimia ugonile anajibiwa, na kuna makumbusho yenye mifupa ya dinosaria, Malawisaurus, watoto hawatoki. Laleni kwenye kambi za ufukweni Chitimba au Nkhata Bay, sio pembeni ya barabara. Weka wavu wa mbu kwenye kila dirisha, uliza kuhusu kichocho kabla hamjaingia majini, na jiko litumike nje hata mvua ikinyesha, la mkaa usilikaribishe ndani ya gari kwa baridi yoyote ile, linaua mmelala.

Kama unasafiri mara moja tu kwa miaka kadhaa basi hata usinunue, kodi. Ila kabla hujalipa kianzio soma mkataba kama gari linaruhusiwa kuvuka boda na kama barua ya ruhusa utapewa mkononi siku hiyo hiyo, kuna wanaosema itatumwa kwa simu na afisa wa Kasumulu anataka karatasi yenye muhuri.